Wenye biashara na zamu: Biblia mnaisoma saa ngapi, na mnaisomaje ikakaa kichwani?

MamaNafaka, Busia

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, lakini kabla sijauliza naomba kitu kimoja: asije mtu akaniambia niamke saa kumi alfajiri. Saa kumi mimi niko macho tayari, tena nimeshafunga lesso niko njiani.

Nauza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Mahindi, maharagwe, mtama kidogo, na karanga msimu ukiwa mzuri. Malori ya kutoka Iganga na Bugiri huingia kabla jua halijatoka na dereva hamngoji mtu. Ukikuta wenzako wameshachagua, unabaki na magunia ya chini, yale yaliyolala kwenye maji. Kwa hiyo giza bado lipo na mkono wangu uko ndani ya gunia. Nina chupa yangu ya soda, kavu. Natia chumvi kavu, natia mahindi, natikisa, naiacha itulie, halafu naimulika kwa simu. Chumvi ikinata kwenye kioo, hayo mahindi bado yana maji, na siyachukui kwa bei hiyo hata dereva akiapa kwa jina la mama yake. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wanunuzi wa ng'ambo wana mashine ya kupimia, mimi nina chupa, na mara nyingi tunakubaliana.

Kuanzia hapo ni wapagazi, ni mizani, ni kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya kwetu, ni simu, ni mtu anayetaka mkopo na bado hajalipa ule wa zamani. Nafunga saa moja jioni. Nyumbani kuna watoto watatu na madaftari yao, kuna jiko, Jumatano kuna kikundi cha akiba, Alhamisi Umoja wa Akina Mama wa kanisa. Nikifungua Biblia kitandani, aya moja naisoma mara tatu na sijui imesema nini, halafu naamka imenilalia kifuani.

Msidhani sipati Neno. Neno napata mpaka simu inajaa. Niko kwenye makundi ya maombi, na kila alfajiri aya zinaingia zimewekewa picha ya maua. Najibu Amina, Amina, Amina, kama afisa wa mpakani anayegonga muhuri bila kuangalia sura ya msafiri. Jioni ukiniuliza aya ya asubuhi ilitoka kitabu gani, sina jibu. Yeremia 29:11 nimetumiwa hadi naijua kwa nambari, lakini aliyekuwa anaambiwa ni nani, na alikuwa amefikwa na nini, hakuna aliyewahi kunitumia hiyo.

Mchungaji wetu ametugawia ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Nikapiga hesabu zangu za sokoni: sura 1,189, gawa kwa siku 365, ni sura tatu na kitu kila siku bila kukosa, hata siku lori limeharibika, hata siku mtoto ana malaria. Ukiruka siku mbili una deni. Madeni ninayo ya kutosha.

Sasa kuna jambo linanitatiza, na ndilo limenifanya niandike. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipokataza mahindi yetu ghafla kwa sababu ya sumukuvu? Malori yalisimama, soko likanyamaza, tukakaa vibandani kutwa tunatazamana. Biblia yangu ilikuwa kwenye droo ileile ya pesa, mkono tu unyooshwe. Muda ulikuwepo wa kumwaga. Nilishinda nikisoma habari za mahindi kwenye simu hadi bando likaisha. Kwa hiyo mtu akiniambia shida yangu ni muda, nusu namkubali, nusu namkatalia.

Nawauliza ninyi mliobanwa kama mimi. Watu wa ofisini wenye saa nzima ya chakula cha mchana mnisamehe leo. Mnasoma lini? Mnasoma nini? Na mnafanyaje hadi kikabaki kitu? Kiswahili ndicho nachosoma bila kukwama kwa sababu nilisomea upande wa Kenya. Kiganda naelewa, lakini Biblia yake naisoma polepole mno.

Nawasilisha.

---

Dereva_wa_Juba

Dada MamaNafaka, salamu kutoka Elegu, nimekaa kwenye foleni nangoja karatasi za kuvuka.

Mimi sisomi, nasikiliza. Nina Agano Jipya lote la Kiswahili kwenye memori kadi, naiweka kwenye redio ya gari. Matendo ya Mitume nimewahi kukimaliza chote kati ya Malaba na Jinja, na gari lilikuwa na mzigo. Mtu akisomewa kwa sauti nzuri anashangaa jinsi kitabu kizima kilivyo kifupi. Paulo anapigwa mawe, anaamka, anaingia tena mjini kulekule! Ukipokea aya mojamoja kwenye simu hutakaa uisikie hiyo.

Tahadhari yangu ni kwamba kwenye kona na milima nazima. Na kusikiliza kuna shida yake, majina yanapita kama miti ya Mabira, huwezi kurudi nyuma ukaangalia. Kwa hiyo nikifika mahali pa kulala nafungua kile kipande kilichonigusa, nakisoma kwa macho.

Mnamkumbuka yule Mwethiopia wa Matendo 8? Alikuwa anasoma Isaya safarini, ndani ya gari lake, tena kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia. Tofauti yangu na yeye ni kwamba yeye alikuwa na dereva.

---

Boda_Mbale

Mimi Biblia yangu iko kwenye simu, nimeipakua, haihitaji bando. Ujanja ni mmoja tu: kabla sijaifungua nazima data. Data ikiwaka, ujumbe mmoja unaingia na Waraka wa Yakobo umekwisha. Nasoma nikiwa steji nangoja zamu yangu ya abiria. Wenzangu walinicheka mwanzoni, sasa kuna mmoja huwa ananiuliza "leo wamefika wapi?"

---

Afande_Mstaafu, Jinja

MamaNafaka, hujambo nyabo. Mimi nilikuwa polisi, sasa ni mlinzi wa usiku kwenye shule moja hapa Jinja, na Jumapili nasoma masomo kanisani. Kiswahili nilikipata kazini, kimekataa kunitoka. Nina miaka mingi ya zamu za usiku na nimeyafikiria haya kuliko watu wengi, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Umeliweka lile la Machi 2021 mwishoni. Kwangu mimi lingekaa mwanzo. Ulikuwa na siku nzima, Biblia iko kwenye droo, na hukuifungua. Mimi naona sababu: ungeifungua wapi? Vitabu 66 viko mbele yako, hakuna hata kimoja ulichokiacha katikati, na moyo una hofu ya mahindi. Nani atafungua katika hali hiyo? Habari za mahindi ulizifuata kwa sababu zilikuwa na mwendelezo, ulitaka kujua kesho itakuwaje. Mtu mwenye kitabu alichokiacha katikati hukirudia bila kusukumwa. Asiye na kitabu anasubiri apate muda, na muda ukija hajui aupeleke wapi.

Kwa hiyo mimi niliacha kugawa siku, nikaanza kugawa vitabu. Nachukua kitabu kimoja kifupi, nakaa nacho kama mwezi hivi. Nakisoma chote, mwanzo hadi mwisho, kikao kimoja, kwa sauti. Baada ya siku kadhaa nakirudia chote tena. Ndiyo, chote. Wafilipi ina sura 4, aya 104. Kuisoma kwa sauti haimalizi nusu saa. Yona ni aya 48. Filemoni ni aya 25, unaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Marko ndiyo ndefu, inataka saa moja na nusu hivi, hiyo naiweka usiku wa likizo ya shule, kukiwa hakuna mtu ila mimi na mbwa.

Usidhani nimebuni. Paulo mwenyewe anawaagiza Wakolosai waraka ukiisha kusomwa kwao usomwe na Walaodikia pia, na Wathesalonike anawaapisha kabisa kwamba ndugu wote wasomewe. Watu walikaa, mmoja akasoma, waraka ukaisha. Sura tulizonazo ziliwekwa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilipigwa nambari mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta mahali, nazishukuru, lakini ukisimama kila penye nambari unasimama mahali ambapo mwandishi hakusimama.

Sasa nikueleze kinachotokea ukirudia. Wafilipi mara ya kwanza nilisikia furaha, furahini, nasema tena furahini. Nikasema, sawa, mzee ana furaha. Mara ya pili nikagundua mzee mwenye furaha yuko kifungoni. Mara nyingine nikakutana na Epafrodito aliyeugua karibu na kufa, na wale wanawake wawili, Euodia na Sintike, wasiopatana, na Paulo anawataja kwa majina mbele ya kanisa zima. Fikiria aibu! Halafu usiku mmoja getini, tochi imebanwa kwapani, nikafika pale anaposema vifungo vyake vimejulikana kati ya askari. Nikasimama hapo. Nimelinda mahabusu sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilikuwa nimekisoma hicho kitabu mara kadhaa bila kuona kwamba mimi nimo ndani yake, upande wa funguo. Hilo halikuja kwa sababu niliamka mapema. Lilikuja kwa sababu nilikuwa nimekizoea kitabu kiasi cha kuanza kuangalia pembeni.

Na ile "nayaweza mambo yote" ya humohumo Wafilipi, ambayo iko kwenye vioo vya teksi kuanzia hapa hadi Kampala, soma aya inayoitangulia. Anazungumza habari ya kujua kushiba na kujua kuona njaa. Mwenye teksi sijui kama anajua amebandika nini.

Yeremia wako 29:11 ni hivyohivyo. Ni barua. Imetoka Yerusalemu, inakwenda kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Juu kidogo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uleule waliohamishiwa. Na aya ya 10, inayotangulia hiyo ya maua, inawaambia miaka sabini. Sabini! Wengi waliosikia barua ikisomwa walikuwa wanaambiwa watafia huko. Ndipo inakuja ile "mawazo ninayowawazia ninyi". Nakushauri usitoke kwenye hayo makundi. Aya ikiingia, chagua moja kwa wiki, fungua kitabu chenyewe, soma kilicho juu yake na kilicho chini yake. Zilizobaki waachie wengine waseme Amina.

Kwako wewe ningeanza na Amosi. Sura 9. Ni mchungaji wa mifugo kutoka kijijini anayewaendea watu wa mjini wenye pesa, na ana hasira. Ukifika sura ya 8 utawakuta wenzako wa soko: wanauliza sabato itaisha lini wauze ngano, wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanachezea mizani, wanauza hadi takataka za ngano. Sijui mahali pengine katika Biblia panapoijua biashara yako kwa ukaribu huo. Ukimwona ni mkali mno, nenda kwa Ruthu: sura 4, aya 85, wanawake wawili wajane na msimu wa mavuno, shayiri kwanza kisha ngano. Watoto watakipenda.

Lini? Siku ya malori usisome. Nenda kazini kwa amani. Chagua jioni moja au mbili kwa wiki ambazo zina nafuu, keti mezani, kitandani usipeleke Biblia kabisa, na soma na watoto kwa kupokezana. Serikali mwaka 2022 iliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo watakihitaji. Darasa lako ndilo hilo. Katikati ya wiki beba sentensi moja tu ya kile mlichosoma. Pale unapongoja ile chupa itulie, itamke. Hiyo inatosha.

Na uwe na daftari. Kituoni tulikuwa na OB, daftari la matukio, kila tukio tarehe na saa, maneno machache, bila mapambo. Mimi nina OB ya Biblia. Naandika nilichokiona na swali langu. Maombi na mahubiri siandiki humo, yananifanya niandike vizuri kuliko nilivyoelewa.

---

Musawo_Tororo

Afande nakuheshimu sana, lakini hapo kwenye "siku ya malori usisome" tutagombana kidogo.

Mimi ni nesi, Mkatoliki, zamu zangu hubadilika kila mara. Nikisubiri jioni yenye nafuu, haiji. Nilichokipata mimi ni masomo ya misa ya siku. Somo la kwanza, zaburi, Injili. Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, siku za kawaida somo la kwanza kwa miaka miwili. Ni dakika chache, nayasoma mwisho wa zamu ya usiku kabla sijakabidhi wodi, nimesimama, kalamu bado iko sikioni. Saa hiyo akili yangu haina uwezo wa kuchagua kitabu cha mwezi wala cha mwaka. Kuchaguliwa ndiko kunakoniokoa. Na najua siku hiyohiyo mama yangu kijijini amesikia Injili ileile kwenye redio ya kanisa, kwa hiyo nikimpigia simu tuna la kuzungumza zaidi ya bei ya sukari.

Faida nyingine ni kwamba napewa vipande ambavyo nisingevichagua. Mtu akiachwa achague mwenyewe atasoma Zaburi 23 hadi aingie kaburini. Mimi nilikabidhiwa Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna "lakini" yoyote mwishoni. Nilikuwa nimetoka kumfunika mgonjwa. Hakuna aya ya maua ambayo ingenifaa asubuhi ile.

Mama, kama kanisa lako lina kalenda ya masomo, iulizie. Ninavyojua Kanisa la Uganda nalo lina masomo yake ya kila siku.

---

Afande_Mstaafu, Jinja

Musawo, nimekubali kwa zamu yako. Mtu anayetoka wodini asichague chochote. Lakini hata hayo masomo ya siku ni vipande. Siku ukipata mapumziko, ile Injili ya wiki isome yote kwa pamoja, uone wamekata wapi. Hapo tutakuwa tumegawana ushindi.

Na kalenda ipo kweli, tunayo. Sikuitaja kwa sababu MamaNafaka anakimbia madeni.

---

MamaNafaka, Busia

Nimerudi, samahani kwa ukimya, maharagwe yalikuwa yameingia.

Afande, jioni ya Jumapili ilishindikana, wageni. Nimehamia Jumanne usiku, sahani zikishaoshwa. Tulianza na Amosi, mimi na kijana wangu wa kwanza tukipokezana, wale wadogo wamelala kwenye mkeka wanajifanya wanasikiliza. Sura za mwanzo alizipenda, zile za "kwa makosa matatu, naam, kwa manne", akawa anazipiga kama ngoma mezani. Tulipofika sura ya 8 akasimama akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama, efa ni gorogoro, ule mkebe wetu wa kupimia?" Nikamwambia endelea kusoma.

Kisha nikatafuta. Nimeambiwa efa ni kama lita 22, maana yake inapita debe kidogo. Nikaandika kwenye OB yangu.

Sasa sikilizeni hili. Tulipoingia Ruthu, sura ya 2, yule binti anaokota masazo nyuma ya wavunaji kuanzia asubuhi hadi jioni, anayapura, anapata kama efa moja ya shayiri. Mwanangu akapita. Mimi nikamwambia rudi hapo. Debe zima? Kwa siku moja? Iliyokwisha kupurwa? Mimi nimewaona wanawake wanaookota punje chini ya malori hapa sokoni, nawajua kwa majina. Mtu anashinda hapo anapata bakuli, siku ya baraka mabakuli mawili. Debe halipatikani hivyo. Nikasema kuna mtu ameachia makusudi. Tukarudi juu, na kweli, aya ya 16, Boazi amewaambia vijana wake wamchomolee masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha chini ayaokote. Na Naomi naye anajua mambo ya nafaka, maana akiona tu ule mzigo anauliza, umeokota wapi leo? Hakumuuliza umechoka. Ameangalia kipimo akajua.

Nilikaa pale mezani hadi mafuta ya taa yakapungua. Mchungaji amehubiri Ruthu mbele yangu zaidi ya mara moja, kila mara ni habari ya kupata mume mwema. Debe hajawahi kulitaja.

Musawo, masomo ya siku nimeyaulizia kanisani, nimepewa karatasi. Nayasoma zile alfajiri ambazo lori limechelewa. Mengine yananipita, sijali. Ila Zaburi ya 88 niliitafuta siku ileile ulipoandika.

Yule Dereva wa Juba, nimemwazimia mwanangu memori kadi ya jirani, ya Kiswahili, lakini msomaji wake anasoma kwa haraka kama anafukuzwa. Yako ni ya nani?

Na swali la mwisho kwa yeyote: hii Biblia yangu maandishi yake ni madogo mno kwa mwanga wa taa, na kijana anapokezana nami tukigonganisha vichwa. Ya Kiswahili yenye maandishi makubwa inapatikana wapi upande huu? Hapa Busia nimeona za Kiganda na za Kiingereza tu.

---

Dereva_wa_Juba

Yangu ni ile ya kuigizwa, watu wengi, kila mtu na sauti yake, hata bahari unaisikia. Nitakunakilia.

Biblia kubwa ulizia Chama cha Biblia, Kampala. Wakikosa, mimi nateremka Mombasa mwisho wa mwezi, Nairobi napita, huko za Kiswahili ziko nyingi. Ninavuka Malaba, sifiki Busia, itabidi utume mtu Tororo aichukue. Unataka ya kawaida au yenye zipu?

---

MamaNafaka, Busia

Yenye zipu. Vumbi la mahindi linaingia kila mahali. Niambie bei nikutumie kabla hujaondoka, na usininunulie nyekundu.